Sauti ya Chungu

Subilaga Mwakibinga hana kelele.
Anashuka kwenye gari la Tume saa moja asubuhi,
buti za mpira, daftari la kurasa zenye namba
(ukichana moja, zilizobaki zitakusema),
na nyundo ndogo ya mpini wa mpera
ambayo haimo kwenye orodha ya vifaa vya serikali.

Mimi ni fundi wa kupima zege.
Mchemraba mmoja, siku saba;
mwenzake, siku ishirini na nane.
Naubana kwenye mashine hadi upasuke,
naandika ulivumilia kiasi gani kabla ya kusema basi.
Yote ilifaulu. Nasema yote.
Lakini mchemraba si ukuta,
kama mtoto wa mtihani si mtoto wa nyumbani.

Ukuta wenyewe ulisimama Chimala,
mpunga upande huu, milima upande ule,
na barabara ya Matamba ikipanda
kona hamsini na saba bila kupumua.
Unene, mita moja na robo.
Ndani yake siku moja ungekaa moto usio na moshi,
moto ambao ukitoroka humwoni mtu akiukimbia
kwa kuwa hakuna aliyeuona.

Akaanza kugonga.
Ko. Hatua. Ko. Hatua.
Mhandisi Tweve wa kampuni alitazama saa,
mkalimani akatazama viatu,
wafunga nondo wakanyamaza juu ya jukwaa
hata ndege wa mpunga tukawasikia.

"Mama aliuza vyungu Matema," alisema bila kugeuka,
"vya Wakisi, kutoka Ikombe.
Mnunuzi hatazami nakshi. Anakunja kidole, anagonga.
Chungu kizima hujibu kama mtu aliyeitwa jina lake.
Chenye ufa hujibu kama mtu anayedaiwa."

Ko. Ko.
Halafu, kimo cha kifua, kushoto kwa nguzo ya kumi na nne:
kwu.

Nilijua.
Usiku wa kumwaga mvua ilitushika,
vaibreta ikazimika,
msimamizi akasema endeleeni, kutakucha.
Tuliendelea. Kulikucha.
Asubuhi ukuta ulikuwa laini kama shavu
kwa sababu tuliupaka.

Kekee ilipoingia, likatoka sega:
kokoto zimeshikana kwa ncha, katikati hewa,
sega lisilo na asali,
na nyuma yake nondo zimeanza kuiva wekundu.

Simu ziliita. Ya kwanza, mkoani.
Ya pili ilitoka mbali zaidi; hiyo aliipokea amesimama wima.
Ndiyo, mheshimiwa. Kwamba sherehe ina tarehe.
Kwamba wageni wana tiketi.
Kwamba nchi inataka umeme. Hata kwangu Uyole unakatika, mheshimiwa.
"Ila sheria hainiulizi ni lini.
Inaniuliza ni salama au si salama."

Akakata, au alikatiwa.
Mkono ulikuwa unatetemeka. Akausubiri utulie,
ndipo akaandika: SIMAMISHA.
Mhuri. Ukurasa wa themanini na mbili.

Wahenga walituambia tuzibe ufa
tusije tukajenga ukuta.
Hawakuwahi kuona ukuta ambao ukianguka
hakuna anayerudi pale kushika mwiko.

Jioni vibarua mia tatu walisimama langoni bila kesho.
Mmoja alitema mate karibu na gurudumu lake.
Mama wa maandazi akarudi na ndoo imejaa.
Hayo hayamo kwenye taarifa. Aliyaona.

Kabla ya kupanda gari aliniuliza:
"Mashine ilizimika saa ngapi?"
Hakuuliza kama ilizimika.
Nikatazama matope, kisha nikamtazama.
Saa nane na dakika kumi.
Ukurasa wa themanini na tatu.

Usiku nilifika kwangu, nikagonga mlango.
"Nani?" mke wangu akauliza toka ndani.
Nikataja jina langu
nikisikiliza linavyolia.