Zamu ya Hilkka

Oulu, saa tisa usiku, theluji imeziba dirisha.
Hilkka anachekecha barua za mafundi wa programu:
tangazo la dawa za nguvu, nje;
salamu tupu, nje;
swali lililojibiwa juzi, na jana...
anapumua, analipitisha.

Kisha ya Vasile, wa Iași.
Mashine imeinasa kwa matusi.
Mistari mitatu inamtukana yeye, Hilkka,
mama yake, na hata paka wake.
Wa nne unasema: hesabu inaanzia sifuri,
ninyi mmeanzia moja.

Anaangalia. Kweli.
Miezi saba wameisaka hitilafu hiyo.

Chekeche halina macho.
Anakata matusi, anaiacha sifuri,
anabonyeza.

Paka anamtazama.
"Wewe," anamwambia, "umesamehe?"