Kufuli la Jirani

Nilikuja Lamu na makufuli matatu:
la mlango, la dirisha,
na la tatu ambalo mama alilinunua soko la Kitale
akalifundika ndani ya soksi:
"Hili kazi yake utaiona hukohuko."

Mjomba alinihesabia hatari kwa vidole
hata vikamwishia, akaazima vya shangazi.
Usiku wa huko. Watu wa huko.
Na vichochoro, Barasa, vichochoro!
Mjomba hajawahi kuvuka Mto Tana.
Baiskeli yake iliibiwa mbele ya posta ya Kitale,
mchana kweupe, mguu mmoja ungali kwenye pedali.

Nikapata chumba Gadeni, ngazi kumi na saba
(nilizihesabu, nijue mbio zangu zitaanzia wapi).
Mkabala nami Bi Mwanamkuu,
ambaye mlango wake ulikuwa pazia.
Pazia la maua, basi.

Usiku wa kwanza nilisikia watu wanne wa viatu vya chuma.
Alikuwa punda.
Nikasikia kikohozi chini ya dirisha,
nikashika spana nambari ishirini na nne.
Alikuwa mtu aendaye kuswali.
Nikasikia chuma kikigonga chuma, taratibu,
kama mwenye subira na shughuli yake.
Hicho sikukijua.

Mwezi mzima nilipita katikati ya kichochoro,
kichochoro kisicho na katikati,
kuta mbili tu, na mabega yangu.
Simu ndani ya soksi, noti ndani ya kofia.
Salamu nilizipokea kama hati za mahakama.
"Hujambo, Baraza?" Ndivyo walivyolisikia jina langu,
wakachekana: "Baraza hukaliwa!"
Nami nikaenda nikiwaza: kukaliwa na nani?

Kwenye mtambo wa barafu nilimuuliza Shekuwe
mtaa gani nisithubutu kuupita usiku.
Akautaja mmoja, kwa sauti ya chini.
Kesho yake fundi aliyetoka mtaa huohuo
akanishika mkono:
"Gadeni ndiko usipite, ndugu yangu.
Siku hizi wamehamia watu wasiojulikana."
Sikumwambia ninalala wapi.

Jumanne moja napanda ngazi, kompresa begani,
namkuta seremala anatoboa fremu ya Bi Mwanamkuu.
Pazia limekunjwa, limewekwa juu ya ndoo.
Ubao mpya, komeo jipya,
na kufuli kubwa kuliko yangu yote.
"Umeibiwa, bibi?"
"La."
"Kumeonekana mwivi?"
Akanitazama, mimi na mabomba yangu na spana zangu.
"Bado," akasema.
Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza:
"Ni wanangu, wa Mombasa. Wameambiwa
ngazini pangu kuna mtu haitiki salamu,
tena hutembea na vyuma usiku."

Usiku ule sikuwasha taa.
Chuma na chuma, taratibu.
Nikanyoosha mkono gizani, nikalikamata:
kufuli langu la dirishani,
upepo ukilibembeza.

Siwezi kusema nimepona. Mlango naufunga mara mbili,
naurudia mara ya tatu nikiwa nimeshavua viatu.
Ila hewa ya hapa ina chumvi,
na chumvi haijui kufuli la nani ni la nani.
La Bi Mwanamkuu liligoma kabla ya miezi miwili,
na vidole vyake vina baridi yabisi.
Sasa kila arudipo sokoni husimama chini, akaita:
"Baraza! Ndoo unifungulie!"
Nashuka na kopo la oili.
Hunipa ufunguo mkononi, hutazama pembeni
kama vile tunafanya jambo la aibu,
nami nalifungua
kufuli alilonunua kwa ajili yangu.

Mama hupiga simu kila Ijumaa.
"Lile la tatu, umelitumia?"
Lingali ndani ya soksi.
"Bado," namwambia.
"Bado, mama."