Deni la Unga

Mimi ni mshika fito tu. Mainjinia wakisema "simama hapo"
nasimama, hadi kiputo kitulie katikati ya kioo,
na mahali niliposimama panakuwa nchi mbili.
Ujira wangu nusu somoni, nusu som.
Nazitia mfuko mmoja. Hazijapigana bado.

Hokimjon ana ramani ya mwaka wa ishirini na saba,
imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imekuwa barabara.
Mamasaly ana ya hamsini na nane.
Katika ile, kilima hiki ni cha Watajiki.
Katika hii, ni malisho ya Wakirgizi.
Mfereji hapa chini haumo katika yoyote,
maana ulichimbwa baadaye, kwa sepetu, na watu wa kambo zote mbili,
enzi mpaka ulipokuwa neno la ofisini
na Moscow ikichora mistari
kama mtu anayekata mkate asiokusudia kuula.

Mwezi wa Mei barafu ya Alai huanza kulia.
Maji hushuka Isfara na rangi ya chai ya maziwa,
yakafika lango la chuma, yakagawanywa kwa saa:
usiku bustani za huku, mchana bustani za kule.
Mwaka ule mtu alitundika kamera juu ya mlingoti wa lango.
Mwingine akaja na msumeno.
Kwanza yalikuwa mawe,
halafu bunduki za kuwindia,
halafu zile ambazo hakuna anayewinda nazo.
Shule iliungua pamoja na madaftari ya hesabu.

Leo mstari umefika uani kwa Bibi Savrigul.
Yupo juu ya paa, anapasua aprikoti kwa kidole gumba,
anazilaza jua liyaone matumbo yake.
"Jiko lako litabaki Tajikistani," Hokimjon anasoma.
"Choo kitakwenda Kirgizistani. Utajengewa kingine."
"Na deni langu?"
"Deni gani?"

"Miaka ile ya vita vyetu, mume wangu alitoka asirudi.
Batmakan wa ng'ambo ya mfereji
alinivushia gunia la unga, kilo hamsini, mgongoni,
barafu ikimfika magotini.
Akasema, utanilipa ukivuna.
Nimevuna mara ishirini na kitu.
Mara mvua ya mawe, mara harusi ya binti, mara njia imefungwa.
Dawa ya deni kulipa, sawa. Nikalipie wapi sasa?
Ubalozini?"

Mamasaly akaipekua fomu.
Ilikuwa na safu ya miti,
safu ya kuku,
safu ya visima, hata ya makaburi.
Ya unga hakuiona.
Akaipekua tena kwa adabu, kama mtu atafutaye miwani aliyoivaa.

Magharibi tulimimina zege. Nguzo fupi, haifiki kifuani.
Waya ungeletwa kesho.
Mimi nililala ndani ya lori, au nilijaribu.
Kabla ya alfajiri nilisikia miguu mizee
ikibishana na changarawe.

Gunia lilikuwa limekaa juu ya nguzo, nene, limefungwa kwa kitambaa cha kichwa.
Ng'ambo, mwanamke mwenye leso nyeupe alikuja na toroli,
likipiga kelele gurudumu lake lote.
Alivuka ubao. Alinitazama.
Nami nikayatazama mabuti yangu, nikayakuta yana mambo mengi.
Alilikumbatia gunia, akalipima kwa mikono,
akasema peke yake, "Limezidi,"
akachota bakuli moja, akaliacha pale pale.
Kisha akaenda zake.

Saa tatu wakubwa walikuja kukagua.
Juu ya nguzo zege ilikuwa imeshika alama za nyuzi,
mia kwa mia, kama ngozi ya mnyama.
"Hii nini?" Hokimjon akauliza.
Nikasema, hali ya hewa.
Mamasaly akapangusa unga kwenye kidole chake, akauonja.
Akaandika namba ya nguzo, akapiga picha,
tukasogea mita mia mbili mbele
ambako kuna kisima.