Ukuta wa Zihindula

Kabla ya rangi, ukuta wa Zihindula kule Kadutu
ulikuwa na kipande cha makala kutoka jikoni,
kimefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye msumari.
Tulileta simu kuchaji, tukangoja, tukaandika.

"Mashini yangu inakata uzi. Nani anajua kwa nini?"
Hilo langu, la mwezi wa tatu.
Siku ya pili Mugisho akajibu: sindano imepinda.
Chini yake, mwandiko wa kulala:
"Mugisho, wewe fundi viatu, nyamaza."
Wiki ikapita. Mvua ikala herufi mbili, mtu akazirudishia.
Ndipo Cibalonza, beseni la sambaza kichwani,
akaandika mstari mmoja bila kulitua.
Mashini ikashona miaka minne.
Sikukariri. Ya nini? Ukuta ulikumbuka.

Kisha wakaja vijana wa kampuni, na ngazi, na ndoo,
wakaupaka mwekundu toka juu hadi mtaroni.
Zihindula alipata dola ishirini na kofia.
Wakasema: makala ya nini, mama?
Ndani ya simu kuna uwanja mmoja, dunia nzima imo.

Kweli imo.
Uzi ulipoanza tena kukatika, niliuliza humo.
Watu mia nne walicheka.
Mmoja alinielekeza kwa mwingine,
mwingine kwa duka la wigi,
na kulipokucha swali langu lilikuwa limezama
chini ya harusi ya mtu, ajali ya mtu,
mbwa anayecheza.
"Sambaza," kinasema kitufe, "sambaza."
Kwetu sambaza ni samaki, urefu wa kidole,
unapimiwa kwa kikombe
na mtu anayejua jina la mama yako.

Sisemi ukuta ulikuwa mtakatifu.
Uliwahi kuandika jina la dada yangu
kando ya jina la mume wa watu.
Nililifuta kwa mate, mchana, foleni nzima ikitazama.
Lakini niliijua ile "g" yenye mkia mrefu,
na mwenye mkia alijua kwamba najua.
Alinisalimia kwa adabu mwaka mzima.

Mvua ya juzi imebandua rangi kwenye kona,
upana wa kiganja.
Cibalonza alihamia Kamituga, hakuaga.
Kivuli cha makala yake bado kimo ndani ya saruji:
"...sikaze. Legeza skrubu ya chi..."

Nilisimama pale, simu mkononi, asilimia mbili.
Nikaiacha izimike.
Nikaenda nyumbani, nikalegeza.