Namba 207

Friza ya ghorofa ya chini, nyuzi themanini chini ya sifuri,
ina damu ya wanawake mia nne wa Mto Hietajoki.
Daktari Aune Lehtovaara aliwatoa mwenyewe, mmoja mmoja,
theluji ikiyeyuka kwenye buti zao.

Wenzake walisema: mimba ni majaliwa.
Akauliza, majaliwa gani haya
yasiyovuka daraja,
yanayokaa upande wa kiwanda cha karatasi tu?

Miaka thelathini na mmoja akipima homoni,
chembe ndogo kuliko chumvi iliyosahauliwa mchuzini.
Ruzuku zikakatwa. Mawakili wakaja na makoti mazuri.
Hilkka, yeye, alikuja na mkate wa shayiri
na mkojo ndani ya chupa ya jemu.
"Ya nne nayo imetoka. Andika."
Akaandika.

Leo anastaafu.
Anamkabidhi kijana Oskari ufunguo,
anamwonyesha rafu, daftari,
kengele inayolia umeme ukikatika.
"Na hii 207? Haina jina."

Aune anavua glavu, kidole baada ya kidole.

"Huyo alizaliwa ng'ambo ile, karibu na bomba.
Sikuwahi kumpima.
Mpime na wengine.
Usimpendelee."