Jicho la Kushoto

Husemwa macho hayana pazia.
Ya Nei Terengaia yalikuwa nayo mawili,
mazito, rangi ya maji yaliyooshea mchele.
Mtoto wa jicho huzaliwa polepole, hana kilio.
Kwa miaka sita alisuka mikeka ya mkadi
kwa vidole tu, akihesabu kwa midomo.

Walikuja Jumatatu, ndege ya saa nne,
madaktari watatu, masanduku kumi na tisa,
na bango refu kuliko zahanati yetu.
Bango ndilo lililotundikwa kwanza.
Mimi, muuguzi wa zamu, nilishika ngazi.

Jicho la kulia lilichukua dakika kumi na nane.
Daktari tulimwita Ten Mata, Bwana Jicho;
aliguna nyimbo chini ya barakoa
na kuziacha katikati pale mkono ulipohitaji utulivu.
Kesho yake kitambaa kilifunguliwa
mbele ya balozi na kamera mbili.
Kitu cha kwanza alichokiona bibi
kilikuwa bendera ndogo kwenye ukosi wa koti.
Cha pili, mjukuu wake Tiaon, hana meno ya mbele.
Picha ilipigwa kwenye cha kwanza.

Waziri alihutubia saa nzima.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila hawakusema apone upande upi.
"La kushoto mwakani," Ten Mata akasema,
akaandika kwenye kadi: Agosti.
Nikatafsiri. Terengaia akaibusu kadi.

Julai, redio.
Taifa limepata rafiki mpya,
na rafiki mpya halali chumba kimoja na wa zamani.
Ubalozi ulifungwa kabla ya chakula cha mchana.
Nilipita pale na baiskeli, nikaona bendera
ikikunjwa mara nne, kama shuka la wodini.
Sikujua ni la aliyepona
au la yule mwingine.

Ten Mata alipiga simu usiku ule.
Siasa hakuigusa. Aliuliza matone:
"Zimebaki chupa ngapi?"
Mbili.
Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika,
kisha akaniaga kwa lugha yetu,
akikosea neno lilelile alilolikosea kila siku.

Novemba ikatia nanga meli nyeupe.
Vitanda mia, mashine ya kumulika mifupa,
bendi yenye tarumbeta.
Bango lao lilikuwa refu zaidi.
Nilishika ngazi ileile.

Daktari alikuwa mwanamke, mikono yake ina joto;
sina ugomvi naye, naomba ieleweke.
Aliitazama kadi ya Agosti, akaona muhuri.
Akaigeuza: muhuri tena.
Akamwita mtu wa suti. Mtu wa suti
akaenda sitahani kupiga simu.
"Orodha yetu," daktari akaniambia, akiangalia viatu vyangu,
"ni ya wagonjwa wapya."

Nilitafsiri kwa ufupi, kama mtu anayelipa deni la mwenzake.
Bibi akacheka mpaka kadi ikamwanguka mapajani.
"Mwambie jicho hili ni jipya kabisa.
Halijawahi kuguswa na nchi yoyote."

Hilo nalo nikalitafsiri.
Daktari akatazama mlango.
Nje, mtu wa suti alikuwa bado anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Akausukuma mlango kwa kisigino,
akachukua kadi tupu,
akaniuliza bibi aliitwaje kabla ya kuolewa.

Asubuhi, kamera nne.
Mpiga picha akaomba bibi azibe jicho la kulia.
Akaliziba kwa kiganja.
Kwa la kushoto akawapitia mmoja mmoja:
balozi, nahodha, waziri yuleyule, tai nyingine,
akarudia tena, taratibu, kama anayetafuta sindano mkekani.
"Ten Mata yuko wapi?" akauliza kwa sauti.

Wote wakanigeukia.
Nikatafsiri: "Anashukuru."