Kuku wa Ghorofa ya Tisa

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Huyu hakuwa na kamba, wala manyoya ya mgongoni.
Nilimkuta nyuma ya mapipa ya taka, hapa hapa Gldani,
theluji imemfika kifuani,
amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Alfajiri lilikuwa limepita lori la sokoni,
lile la makreti ya plastiki.
Nikafikiri: ameruka.
Kisha nikayatazama mabawa yake,
nikafikiri: ameanguka.

Nikamtia ndani ya koti la marehemu Jumberi,
koti ninalolivaa kwa ajili ya mifuko tu.
Lifti yetu hula sarafu, na haihesabu vichwa.
Tukapanda wawili kwa nauli ya mmoja,
na baina ya ghorofa ya tano na ya sita,
taa ilipozimika kama ilivyo ada yake,
alitoa sauti ndogo, si ya kuku,
ya bawaba.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Siku ya kwanza alikaa ndani ya bafu akiliogopa bomba.
Siku ya pili alikula uji wa mahindi uliopoa,
kidoleni mwangu.
Mdomo wake umekatwa ncha, sawasawa, kwa mashine,
punje zinamponyoka,
anadonoa mara tatu apate moja.
Siku ya tatu sikuwa na jembe.
Nilikuwa na kibaraza cha vioo
na ndoo ya udongo niliyoiiba bustani ya shule.
Nikaumwaga juu ya magazeti.
Akauzunguka kutwa nzima.
Hajawahi kukanyaga kitu kisicho waya.

Otari wa ghorofa ya saba alikuja kuazima chumvi,
akakaa kuliko chumvi inavyohitaji.
"Nazibrola," akasema, "mwaka mpya ni Alhamisi.
Vitunguu saumu ninavyo. Hata maziwa ninayo."
Nikamwambia kuku ana jina.
Hakuwa nalo.
"Nani?"
Nikasema la kwanza lililonijia: Bari.
Ndio mji aliko binti yangu.

Tsisana hupiga simu saa saba usiku,
kwao saa nne, bibi wa Kitaliano akishalala.
Humgeuza ubavu, humpaka mafuta visigino,
humlisha supu kwa kijiko cha mtoto.
Miaka sita sasa.
Visigino vyangu hajaviona.
Hilo silisemi. Nasema: huku baridi kali.
Yeye anauliza, "Amekula leo?"
"Amekula. Na wako?"
"Nusu sahani."
Halafu tunanyamaza, mita inahesabu,
ingawa siku hizi simu hazina mita.

Kuku wa mkata hatagi.
Huyu alitaga Februari, ndani ya kiatu cha Jumberi cha kushoto,
yai lenye gamba laini kama kope.
Nililishika hadi likapata joto langu
nisijue nilitie wapi.
Mgongoni, manyoya machanga yalikuwa yakichomoza,
ncha za penseli.

Otari akaleta mpini wa ufagio, akaukaza ukutani kwa misumari,
akisema ni kwa ajili ya taulo.
Lakini Bari hajui kulala juu.
Kila jioni nampandisha,
namkunjia vidole kimoja kimoja kwenye mti,
nazima taa.
Na kila usiku, nikiwa sijapata usingizi, namsikia:
pu.
Amerudi sakafuni, alikozoea.

Jana niliingoja ile pu.
Simu ya Tsisana ikaja, ikaisha.
Saa nane. Kimya.
Nikaenda miguu mitupu, nikipapasa ukuta.
Mpini ulikuwa na uzito.
Sikuwasha taa. Nikampiga picha vivyo hivyo gizani,
ikatoka nyeusi tupu, pembe hadi pembe,
nikaituma Italia.

Akajibu papo hapo:
amenenepa.